Joto Linalojificha: Maji, Mvuke na Barafu Katika Maisha Yetu ya Kambini

(Mazungumzo ya walimu mbele ya mkutano wa wakazi wa kambi, Gasorwe, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)





Siku hii ya 20 Juni imekuwa Siku ya Wakimbizi Duniani tangu mwaka 2001, na kila inapofika tunasikia hotuba nyingi juu ya haki na matumaini. Hizo ni hotuba njema, nasi hatuzipingi. Lakini Kamati ilipotuomba sisi walimu tutoe somo moja kwa watu wote, tulishauriana, tukakubaliana kuzungumza juu ya kitu ambacho kila nyumba inakijua, nacho ni sufuria iliyoko motoni.

Sababu yetu ni hii. Hakuna nyumba isiyotafuta kuni, na wanaozitafuta kwa kawaida ni mama zetu na dada zetu. Kila mzigo wa kuni una safari yake, na safari hiyo ina hatari zake. Wako waliofukuzwa, wako waliopigwa, na wako waliopatwa na mambo ambayo hatutayataja mbele ya watoto. Wenyeji wetu nao wanahitaji miti hiyo hiyo, wala si haki tuikate mpaka vilima vibaki vitupu. Basi, mtu akituambia kwamba sehemu kubwa ya moto wetu haipiki chakula chochote, inatupasa kumsikiliza. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaonyesha leo, na ushahidi wetu utatoka katika elimu ya maada.

1. Hali tatu za maada

Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi: jiwe, maji, hewa, mafuta, chumvi. Maada huonekana katika hali tatu, yaani yabisi, kimiminika na gesi. Maji ndiyo yanayotuonyesha hali zote tatu bila taabu. Barafu ni yabisi, maji ya bidoni ni kimiminika, na mvuke ni gesi. Kitu ni kile kile. Kilichobadilika ni namna chembe zake zinavyokaa pamoja.

Wanafunzi wetu huwa tunawapa mfano wa watu. Chembe za yabisi ni kama watu waliokaa mkutanoni, kila mmoja mahali pake, wanatikisika lakini hawahami. Chembe za kimiminika ni kama watu walio katika mstari wa posho, wanasukumana na kupishana, ila bado wako pamoja. Chembe za gesi ni kama watu hao baada ya kupewa posho, kila mmoja ameshika njia yake.

Hata mawe yana hali hizi. Ninyi mliotoka Kivu ya Kaskazini mnaukumbuka mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima huo ulipasuka, na mawe yaliyoyeyuka yakatiririka kama uji mpaka katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulilipuka tena. Jiwe hilo lilikuwa kimiminika, likapoa, likawa yabisi, na leo watu wanalijengea nyumba. Wakati wa kuganda lilikuwa bado linatoa joto kwa muda mrefu, na ndiyo sababu ardhi iliyofunikwa na mawe hayo ilibaki moto ndani hata baada ya ngozi ya juu kuwa ngumu na nyeusi. Shikeni jambo hilo, kwa maana tutalirudia: kitu kinapobadilika hali, kuna joto linaloingia au linalotoka.

2. Joto linakwenda wapi?

Tuseme mtu ameteka lita moja ya maji ya nyuzi 20 na kuyaweka motoni. Akitia kipimajoto, atakiona kinapanda: nyuzi 30, 50, 80. Kisha maji yanaanza kuchemka, na hapo kipimajoto kinasimama. Aongeze kuni, apulize, moto uwake mpaka ulambe masikio ya sufuria, kipimajoto hakitapanda hata uzi mmoja. Maji yatarukaruka kwa nguvu zaidi na mvuke utakuwa mwingi zaidi, lakini joto la maji litabaki pale pale mpaka tone la mwisho.

Sasa tuulize: joto lote hilo tunaloongeza linakwenda wapi? Haliwezi kupotea bure. Linafanya kazi ya kuzifungua chembe za maji zilizoshikana, ziwe mvuke. Ni kazi kubwa, na kwa kuwa haionekani kwenye kipimajoto, wataalamu wameliita joto fiche, yaani joto lililojificha.

Aliyelieleza kwanza kwa vipimo ni Joseph Black, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow huko Scotland, mnamo miaka ya 1761 na 1762. Katika nchi yake theluji hufunika milima wakati wa baridi. Yeye alifikiri hivi: kama barafu ingehitaji joto kidogo tu ili iyeyuke, basi siku ya kwanza ya joto theluji yote ingegeuka maji kwa mara moja, na mafuriko yangechukua kila kitu. Lakini theluji huyeyuka polepole kwa majuma mengi. Kwa hiyo lazima inameza joto jingi bila kupanda joto lenyewe. Alipima, akaona ni kweli.

Tutumie kipimo mnachokijua, kile kinachohesabiwa katika posho: kilokalori. Mpango wa posho huhesabu kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Kilokalori moja ni joto linalopandisha lita moja ya maji kwa uzi mmoja. Basi hesabu ni hizi:

Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 mpaka nyuzi 94: kilokalori 74.
Kuigeuza lita hiyo hiyo, ikiwa imekwisha kuchemka, iwe mvuke wote: kilokalori 540 hivi.
Kuyeyusha kilo moja ya barafu iwe maji ya baridi ya nyuzi sifuri: kilokalori 80.

Tazameni hesabu ya kwanza na ya pili. Kulikausha maji kunakula moto mara saba na zaidi kuliko kuyafikisha penye kuchemka.

3. Sufuria ya maharage

Mtauliza kwa nini tumesema nyuzi 94, na vitabu vya shule vinasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Vitabu vinasema kweli, lakini vinasema habari za pwani, mahali palipo sawa na bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, na chembe zake hutoroka mapema. Kila tukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa uzi mmoja pungufu. Nchi hii ya Muyinga na Gitega iko kwenye mita 1,500 mpaka 1,800 na zaidi, hivyo maji yetu huchemka kwa nyuzi 94 au 95. Uvira na Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, ni karibu nyuzi 97. Kwenye milima ya Itombwe, palipo juu ya mita 2,500, ni chini ya nyuzi 92.

Sasa mama zetu waliohama kutoka ziwani wanaelewa kwa nini maharage yale yale huchukua muda mrefu zaidi huku. Si uvivu wa mpishi, wala maharage hayakulogwa. Ni kwamba yanaiva katika maji yenye joto pungufu.

Hapo ndipo wengi wetu tunaongeza kuni, tukidhani moto mkubwa utayaharakisha. Lakini tumekwisha kuona kwamba maji yanayochemka hayapandi tena. Maharage yaliyomo katika maji yanayochemka kwa fujo na maharage yaliyomo katika maji yanayochemka taratibu yako katika joto lile lile, na yataiva saa ile ile. Tofauti iko katika kuni tu.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Sufuria ina lita 5 za maji. Kuzifikisha penye kuchemka ni kilokalori 370. Kisha mpishi anaacha sufuria wazi, moto mkubwa, saa mbili au tatu. Maji yanapungua, anaongeza, yanapungua tena. Tuseme lita 2 zimekauka kwa jumla. Mara 540, hizo ni kilokalori 1,080, karibu mara tatu ya joto lililohitajika kuchemsha sufuria nzima.

Kilo moja ya kuni kavu ina kilokalori 4,000 hivi. Lakini kwenye mafiga matatu yaliyo wazi, joto linaloingia sufuriani mara nyingi ni kama sehemu moja ya kumi tu. Lingine linachukuliwa na upepo. Basi kilo moja inatupa kilokalori 400. Ili kukausha zile lita 2, tumechoma kilo 2 na nusu mpaka 3 za kuni. Kuni hizo hazikuivisha hata punje moja ya maharage. Kuna mtu aliyetembea mbali na kuzibeba kichwani, nasi tumezipeleka hewani.

Kuna kuni mbichi pia. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Kabla haujapasha sufuria, moto lazima kwanza uyachemshe maji yaliyo ndani ya mti na kuyafanya mvuke. Karibu sehemu moja ya saba ya joto la mti huo inaishia hapo. Tena moto wake ni dhaifu, hauchomi vizuri, nao hutoa moshi unaowaumiza mama na watoto macho na kifua.

4. Tufanye nini jikoni?

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matano. Hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, tuloweke maharage usiku kucha. Maji yanaingia ndani ya punje bila moto wowote, na muda wa kupika unapungua sana.

Pili, tufunike sufuria. Mvuke unapogusa mfuniko hugeuka tena kuwa maji, na matone hayo yanarudi chini. Kama hakuna mfuniko, sahani pana yafaa.

Tatu, maji yakishaanza kuchemka, tuvute kuni nje na kubakiza za kutosha maji yaendelee kutikisika. Fundi wa kupika hajulikani kwa ukubwa wa moto wake.

Nne, tupasue kuni ziwe nyembamba na kuzianika. Jua la kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti, linakausha bure. Likikausha maji ya mti, ni moto ambao hatutahitaji kuuwasha. Na mafiga tuyakinge upepo kwa udongo, au tutumie mbabula.

Tano, kapu la kuivishia. Tunachukua kapu kubwa au tunachimba shimo kavu, tunaweka majani makavu au vipande vya blanketi kuukuu pande zote. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwanza kwa nguvu dakika 30 kamili, yakiwa yamefunikwa. Kisha sufuria inaingia ndani ya kapu, inafunikwa vizuri juu, na kuachwa saa kadhaa. Kwa kuwa mvuke hauna njia ya kutoka, joto halitoki haraka, na maharage yanaendelea kuiva bila kuni. Yakitolewa, yachemshwe tena kidogo kabla ya kuliwa. Zile dakika 30 za kwanza zisipunguzwe, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana sumu inayotaka kuchemshwa sawasawa. Yakipata joto la uvuguvugu tu huleta kutapika na kuharisha.

Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba ikiokoa kilo 2 kila siku, kwa mwezi ni kilo 60. Hiyo ni mizigo kadhaa ambayo hakuna binti atakayetumwa kuitafuta.

5. Maji ya kunywa, na mvuke unaounguza

Watu wengine huacha maji ya kunywa yachemke nusu saa ili vijidudu vife. Hakuna haja. Vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu hufa kabla hata maji hayajachemka. Tukiona maji yanarukaruka sawasawa, dakika moja inatosha. Kwenye milima ya mita 2,000 na zaidi, dakika tatu. Baada ya hapo tunatengeneza mvuke tu. Lililo la lazima ni kuyahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko.

Mvuke wenyewe tuuogope. Maji ya nyuzi 94 yakimwagikia mkono, kila gramu hutoa kalori 57 hivi mpaka ifikie joto la mwili. Gramu ya mvuke ikigusa mkono, kwanza hugeuka maji na kuachilia zile kalori 540 zilizojificha, halafu ndipo hutoa zile 57. Yaani inaunguza mara kumi zaidi. Kwa hiyo mfuniko ufunguliwe kwa upande ulio mbali na uso, na watoto wasiwe karibu. Mtu akiungua, pahali hapo pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Tusipake siagi, wala dawa ya meno, wala udongo.

6. Jasho, mtungi na mtoto mchanga

Mpaka hapa tumesema juu ya maji yanayochemka. Lakini maji hugeuka mvuke hata bila kuchemka, polepole, kutoka juu yake. Nayo yakifanya hivyo yanachukua joto kwa kitu kilicho karibu. Hiyo ndiyo kazi ya jasho. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini inaondoka na kilokalori 580 hivi. Ndiyo maana mtu anayelima juani apewe maji ya kunywa, kwa kuwa ndiyo yanayompoza.

Wazee wetu walilijua jambo hili katika mtungi. Mtungi wa udongo una matundu madogo mno. Maji yanapenya kidogo kidogo, yanakauka nje, na yaliyobaki ndani yanapoa. Bidoni la plastiki haliwezi kazi hiyo. Ndugu zetu Watwa, mafundi wa vyungu tangu zamani katika nchi hizi, walikuwa wanatengeneza friji isiyotaka umeme. Katika miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Nigeria ya kaskazini, Mohammed Bah Abba, alichukua vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, akatia mchanga wenye maji katikati na kufunika juu kwa kitambaa chenye maji. Nyanya na mboga zikadumu siku nyingi zaidi. Mwaka 2000 alipata tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo. Wenye nyanya na lengalenga za kuuza wanaweza kujaribu kiangazi hiki. Wakati wa mvua faida ni ndogo, maana hewa imekwisha kujaa maji na haikaushi vizuri.

Lakini jambo linalopoza mtungi laweza kumdhuru mtoto. Mtoto anapozaliwa mwili wake umelowa. Maji hayo yanapokauka yanachota joto lake, naye ni mdogo, hana akiba. Usiku wa nchi hii ni wa baridi. Kwa hiyo wakunga wanafundishwa kumpangusa mtoto mara moja akauke, kichwa pamoja na mwili, kuondoa kitambaa kilicholowa, na kumweka juu ya kifua cha mama ngozi kwa ngozi, kisha kuwafunika wote wawili. Kuoga kungoje; kungoje mpaka kesho yake. Wazee wanaotaka mtoto aogeshwe mara tu anapozaliwa, tunawaomba wapokee neno hili. Joto fiche halionekani, lakini limeua watoto wengi.

7. Barafu ya chanjo

Barafu huku kwetu huja yenyewe, katika mvua ya mawe. Mvuke unaopanda kutoka maziwani na misituni hugeuka maji huko juu na kuachilia joto lake, na joto hilo huyapa mawingu nguvu ya kupanda mpaka penye baridi kali, matone yakaganda. Mawe hayo yakirundikana mtaroni huweza kukaa saa nzima na zaidi hata kama jua limetoka. Ni lile lile aliloliona Black: kila kilo inataka kilokalori 80 kabla haijawa maji.

Ukaidi huo wa barafu ndio unaolinda chanjo za watoto wetu. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mhudumu anayezipeleka mbali huzipanga katika sanduku pamoja na vifurushi vya barafu. Joto la njiani huingia, lakini barafu hulimeza lote kwa kuyeyuka, na yenyewe hubaki nyuzi sifuri mpaka kipande cha mwisho.

Kuna chanjo, kama ile ya pepopunda, ambazo zikiganda zimeharibika. Barafu iliyotoka tu kwenye friji yaweza kuwa na baridi ya nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri, na ingezigandisha. Ndiyo maana mtamwona mhudumu anaitoa, anaiacha ikae, kisha anaitikisa karibu na sikio. Akisikia maji yanacheza ndani, anajua barafu na maji viko pamoja, na vikiwa pamoja joto lake ni sifuri, wala si chini. Hachezi wala hapotezi wakati. Tukiwa kwenye mstari tumvumilie.

8. Neno kwa vijana

Vijana, msidhani elimu hii ni ya watu wa mbali. Mwaka 1963, huko Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba wa shule ya sekondari ya Magamba alikuwa anatengeneza askrimu pamoja na wenzake. Aliweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado moto, akaona yameganda mapema kuliko ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Aliuliza, akaambiwa haiwezekani. Aliendelea kuuliza, akachekwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Huyu hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja katika jarida la fizikia, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Mpaka leo wataalamu wanabishana: wengine wanasema linatokana na maji moto kupotea kwa mvuke, wengine wana sababu nyingine, na wengine wana shaka kama hutokea kila mara. Lakini swali ni la mwanafunzi wa kwetu, naye alilipata akiwa jikoni.

Basi chukueni sufuria mbili zilizo sawa, maji sawa, maharage sawa. Moja ifunikwe na kupewa moto mdogo, nyingine iwe wazi na moto mkubwa. Pimeni kuni za kila moja kabla na baada. Msikubali maneno yetu bure. Hesabuni wenyewe, kisha mkawaonyeshe mama zenu.

Ndugu wapendwa, tuko katika nchi iliyotupokea, na miti yake si mingi. Hatuwezi kuongeza miti kwa siku moja, wala hatuwezi kupunguza urefu wa njia ya kuni. Lakini kufunika sufuria na kuvuta kijinga nje kunawezekana jioni hii hii, katika kila nyumba, na kutamwondolea binti mmoja safari moja. 

Maswali yaliyoulizwa baada ya mazungumzo

Mama mmoja: Mnasema maji hayapiti nyuzi 94. Mbona bugali na maharage huungua chini ya sufuria?

Jibu: Maji yakiwapo, ndiyo yanayochukua joto lote na kuligeuza mvuke, hivyo chakula hakiungui. Pale chini yanapokwisha, au uji unapokuwa mzito maji yasifike, hakuna tena wa kulimeza joto hilo. Chuma kinapanda mpaka nyuzi 200 na zaidi, na chakula kinaungua. Ukisikia harufu, jua kwamba maji ya pale chini yamekwisha.

Mzee mmoja: Mjini tumeona sufuria ya presha, inayofungwa kabisa na kupiga filimbi. Je, nasi tuzibe zetu kwa udongo?

Jibu: La, hapana! Ile imetengenezwa kwa chuma kinene na ina tundu la usalama. Mvuke uliofungiwa huyakandamiza maji, yakachemka kwa zaidi ya nyuzi 110, na maharage huiva haraka. Lakini sufuria ya kawaida ikizibwa itapasuka na kuua watu. Mfuniko uwekwe tu juu, usifungwe.

Kijana mmoja: Asubuhi tunakuta matone chini ya turubai hata kama mvua haikunyesha. Yanatoka wapi?

Jibu: Yanatoka kwetu wenyewe. Ni mvuke wa pumzi zetu na wa sufuria ya jioni. Turubai likipoa usiku, mvuke unaligusa na kurudi kuwa maji. Acheni nafasi ya hewa kupita juu, nguo na blanketi zitabaki kavu.